Kiebrania cha Miezi Mitatu

Nilijifunza Kiebrania kwa miezi mitatu, katika joto la kaskazi, na nilijifunza kwa hasira. Wako wanaosoma kwa kupenda elimu, na wako wanaosoma kwa kutaka thawabu. Mimi nilisoma kwa sababu mtu mmoja alitoka Saadani akaja akasema mama yangu ni mtumwa wake.

Zama hizo bendera nyekundu ya Sultani ndiyo iliyokuwa ikipepea Bagamoyo, na mashauri yetu yalikwenda kwa kadhi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa chuo cha Kurani, na sikuwa mwalimu wa kubahatisha. Nilikuwa nimevuka kwenda Unguja, nikakaa miaka minne kwenye darasa za nahau na sarufi, nikarudi na kilemba kizuri na majivuno ya kukitosha. Mtu akikosea irabu moja katika hotuba ya Ijumaa, mimi nilikohoa. Nilikohoa mara nyingi mwaka ule, na wengi hawakunipenda.

Mama yangu alikaa Zinga, kwenye shamba la mihogo na minazi aliloachiwa na marehemu baba. Baba alikuwa mtu wa pwani, mkulima mtoto wa mkulima. Mama alitoka bara, wapi hasa hakumbuki, alikuja na msafara akiwa binti mdogo, akauzwa kwa bwana mmoja wa Saadani. Alipokuwa mwanamwali akanunuliwa na sonara Myahudi, mtu wa mji wa Sanaa, aliyekuwa akikaa Bagamoyo akifua vikuku na ala za majambia. Sonara huyo alipotaka kurudi kwao akamwacha huru, akampa karatasi. Mwaka uliofuata baba akamwoa, kisha nikazaliwa mimi, peke yangu. Mambo hayo niliyajua tangu utotoni kama nilivyoijua njia ya kisimani, wala sikuyafikiria.

Basi akaja mtoto wa yule bwana wa Saadani. Baba yake alikuwa amekufa na yeye ndiye mrithi. Nilikuwapo siku hiyo. Aliingia uani kwa mama akasimama kimya, fimbo mkononi, akingoja. Siku zile "shikamoo" haikuwa amkio la kila mdogo kwa kila mkubwa kama watoto wa sasa wanavyodhani. Lilikuwa neno la mtumwa kwa bwana wake, na yeye ndilo alilokuwa akilingoja kwa mwanamke aliyemzidi miaka kumi. Mama alikuwa akipepeta unga. Akainua macho, akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni yeyote.

"Sabalkheri, baba," akasema. "Karibu kitako."

Hakuketi. Aligeuka akaenda moja kwa moja kwa kadhi.

Madai yake yalikuwa mafupi. Alisema baba yake hakumuuza mwanamke huyu. Alimwazima tu kwa sonara ampikie, sonara akasafiri, mwanamke akajifanya huru akaolewa. Sasa yeye anataka mali ya baba yake irudi, yeye na kizazi chake. Kizazi chake ni mimi. Mtoto humfuata mama yake katika utumwa, ndiyo hukumu, na hukumu hiyo nilikuwa nimeisomesha mwenyewe, nimekaa vizuri kwenye mkeka, kwa sauti ya mtu anayezungumza habari za ng'ombe wa watu wengine. Siku ile niliisikia barazani kwa kadhi, na ng'ombe ni mimi.

Mama alitoa karatasi yake. Alikuwa ameihifadhi ndani ya mkebe wa bati miaka yote hiyo, naye hajui hata alifu. Kadhi akaikunjua, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Ilikuwa imejaa herufi ndogondogo zisizoshikana, ambazo hapana mtu barazani aliyewahi kuziona. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa Kiarabu: jina la yule bwana wa zamani, na maneno "nimeyakubali haya".

"Huu ni mkono wa baba yako?" kadhi akamwuliza mdai.

"Ndio mkono wake, hakika," akajibu, wala hakubabaika. "Alikubali kumwazima."

Tukaulizwa mashahidi. Mama aliwataja wawili. Mmoja alikuwa amekufa zamani, na wa pili alihamia Fukayosi. Nilikwenda Fukayosi kwa miguu, nikaonyeshwa kaburi.

Kadhi wetu alikuwa mtu mkavu, hacheki wala hakasiriki, na wakati ule nilimwona hana huruma. Alisema, "Karatasi ipo, msomaji hayupo. Nawapa mpaka mwandamo wa Rajabu. Asipopatikana msomaji, nitahukumu kwa kiapo."

Kiapo kingekuwa cha mdai, kwa kuwa pande zote mbili zilikiri kwamba hapo kwanza mama alikuwa mtumwa wa nyumba ile. Na yule bwana alikuwa tayari kuapa hata kabla hajanywa kahawa.

Katika nyumba ya mapadri alikuwapo mzee mmoja mrefu, ndevu mpaka kifuani, ambaye watu walisema alikuwa mwalimu mkubwa kwao Ulaya. Nilimwendea siku ya pili yake. Kiswahili alikijua, tena vizuri, ila alikisema kwa uangalifu mno, kama mtu anayebeba mayai. Kiarabu hakujua hata salamu zake. Akavaa miwani akaishika karatasi.

"Herufi hizi ni za Kiebrania," akasema. "Zimeandikwa kwa mkono, si za chapa, lakini ni Kiebrania bila shaka." Akainamia tena, akakaa hivyo kitambo kirefu. "Maneno siyajui. Hata moja. Ajabu sana."

"Padri hajui Kiebrania?"

Hilo lilimchoma. Alinyooka akaniambia kwamba amefundisha Kiebrania kwa muda mrefu kuliko umri wangu, tena hakufundisha watoto. Alifundisha watu wazima waliokwisha kumaliza masomo yote mengine, na hao walihitaji mwaka mzima. Alidhani karatasi ile imeandikwa kwa maneno ya mahakama za Wayahudi, ambayo yeye hakuyasoma. Kama ningejua lugha, angenipa kamusi zake nitafute neno kwa neno, maana yeye mwenyewe hakuwa na nafasi.

"Una muda gani?" akaniuliza.

"Miezi mitatu."

Padri akacheka. Kicheko hicho kilinisaidia kuliko dua. Nilimwambia anipe kitabu sasa hivi, na kama kwa miezi mitatu sijui wanachokijua mapadri wake kwa mwaka, anicheke barabarani mbele ya watu. Yeye naye akataka nimsahihishie orodha yake ya maneno ya Kiswahili kila siku kabla ya somo. Tukapatana.

Herufi zao ni ishirini na mbili. Niliondoka nazo asubuhi ya kwanza. Padri hakuamini, akanitungia mtihani, akaziandika ovyo ovyo ubaoni, nyingine kichwa chini, nikazitaja zote. Zinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama zetu, kwa hiyo mkono wangu haukushangaa. Kilichomshangaza padri ni namna yangu ya kusoma. Yeye alizoea mwanafunzi akae kimya, kidole kwenye mstari, anatoka jasho. Mimi nilisoma kama tunavyosoma chuoni: ubao magotini, wino wa masizi, kiwiliwili kinakwenda mbele na nyuma, na sauti juu. Vitenzi vyao vyote nilivitia kwenye wimbo ule ule tunaowaimbisha watoto wa alifu kwa kijiti. Siku ya kwanza padri aliziba masikio. Wiki ya pili nilimsikia akiuimba mwenyewe alipokuwa akimwagilia mchicha.

Nikwambie ukweli, nilifurahi. Nilikwenda pale na moto kifuani, na nilipofungua kitabu nikajikuta nacheka. Mzizi wa herufi tatu, kama wetu. Mfalme wao ni mtoto wa ndugu wa mfalme wetu, nyumba yao ni nyumba yetu, siku yao ni siku yetu, kichwa ni kichwa. Nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwa shemeji yake: chumvi hajui iliko, lakini jiko analijua liko upande gani. Padri akinieleza kanuni, mimi namtangulia kumwambia inayofuata. Alikasirika mara ya kwanza. Mara ya tatu akaweka kitabu chini akaniuliza, "Nani amekwambia?" Nikamjibu kwamba nimeambiwa na masheikh wa Unguja, bila ya wao kujua.

Na hapo nilipovimba kichwa ndipo nilipoanguka. Siku moja padri aliniandikia sentensi nimfasirie, na mimi sikuisoma mara mbili. Nikasema, "Mzee alimpa mgeni nyama." Padri akatikisa kichwa. Nikairudia kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba kosa lilikuwa la masikio yake. Kumbe neno lile, ambalo kwa Kiarabu ni nyama, kwao ni mkate. Mzee alimpa mgeni mkate.

"Padri, huyo mzee ni bahili," nikamwambia kwa kuficha aibu. "Na mimi nilikuwa nimemwongezea heshima."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akaniambia kwa upole jambo ambalo sikulipenda lakini nimelishika mpaka leo. Aliniambia ninasikia Kiarabu hata pale ambapo hakipo, na kwamba mpaka nitakapokifukuza Kiarabu kichwani sitajua Kiebrania. Basi nikakifukuza. Kila neno lililofanana na letu nililitilia shaka, nikalitafuta kwenye kamusi kwanza, hata liwe wazi kama jua.

Mjini maneno yalikuwa mengi. Mwalimu amekwenda kubatizwa. Mwalimu anajifunza uchawi wa Kizungu, si mnamsikia anavyoimba? Wazazi wanane waliwatoa watoto wao chuoni kwangu. Mmoja wao nilikuwa nimesoma naye utotoni, akapita mbele yangu ameinamisha uso. Nilirudi Zinga nikiwa nachemka, nikamweleza mama.

"Waache," akasema. "Umekula?"

Hakuwahi kuniuliza somo limefika wapi. Alipika, alilima, aliuza nazi zake, na mchana alijifunika ukaya wake akaenda kwenye shughuli za wenzake kama mwanamke yeyote mwungwana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiamka na jasho nikihesabu siku.

Mwisho wa mwezi wa pili padri alinipa ukurasa ambao kwao Ulaya aliwapa mapadri wake siku ya kuwajaribu mwisho. Niliusoma wote. Kila neno nikalitaja mzizi wake, kipimo chake, na kwa nini irabu hii imekaa hapa wala si pale. Nilipomaliza, yule mzee alisimama, akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake, akasema, "Katika maisha yangu yote ya kufundisha, watu wawili. Wewe ni wa pili." Wa kwanza sikumwuliza ni nani, kwa wivu.

Nilitembea kurudi mjini kilemba kimekaa upande na sikujali. Nilikuwa nimeweza. Kwa miezi miwili nilikuwa nimepita pale wanapopita watu waliosoma maisha yao yote, na hakuna aliyenisukuma ila hasira zangu.

Lakini karatasi ilikuwa imefungwa vile vile. Kila herufi yake nilikuwa naijua sasa, hata zile zilizotiwa nukta juu, ambazo padri hakujua kwa nini zina nukta. Neno hata moja halikufunguka. Nilichukua neno la kwanza nikalitafuta kwenye kamusi zake mbili, hamna. La pili, hamna. La tatu lilikuwapo, lakini maana yake haikukaa mahali popote. Tulibadilisha mizizi, tukageuza vipimo, padri akaacha orodha yake ya Kiswahili akaketi nami kutwa nzima. Zilipobaki siku kumi, akavua miwani akafuta macho.

"Huenda aliandika kwa fumbo," akasema. "Huenda hatutaisoma, mwanangu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia amenipotezea miezi mitatu kunifundisha lugha ya wafu, na kwamba kicheko chake cha siku ya kwanza ndicho kilichokuwa kweli. Nikachukua ubao wangu nikatoka bila kuaga. Mpaka leo najuta maneno yale, ingawa yeye aliyasahau haraka kuliko mimi.

Nikaenda Zinga. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kupanda, na mama alikuwa uani anamenya mihogo. Niliketi kwenye kinu kilicholala, sina la kufanya. Nilikuwa nimeinakili karatasi yote kwenye ubao, na kwa uchovu tu nikaanza kuiimba. Sikutafuta maana tena. Niliisoma kama tunavyowasomesha watoto wadogo, herufi na herufi zinaungwa, irabu natia ninazotaka mwenyewe, kiwiliwili mbele na nyuma.

Mama akasema, bila kuinua uso, "Leo umechoka na Kiyahudi, umerudi kwenye Kiarabu chako?"

"Hiki ndicho Kiyahudi, mama."

"Hiki?" Akaacha kumenya. "Mwanangu, mimi sijui kusoma, lakini masikio ninayo. Miaka yote hiyo umenipigia kelele na kile Kiarabu chako cha Unguja, cha kukoroma kooni. Hiki si kile kile?"

Nikarudi mwanzo wa ubao. Nikayasoma maneno mawili ya kwanza polepole, na safari hii nikakiacha Kiarabu kiingie, kile nilichokuwa nimekifukuza.

*Ukirru ana.*

Nakiri mimi. Ndivyo zinavyoanza hati zote za kadhi, tangu zamani. Nakiri mimi, fulani bin fulani. Sonara hakuandika Kiebrania hata neno moja. Aliandika Kiarabu, Kiarabu cha sokoni cha kwao Sanaa, kwa herufi za Kiebrania, kwa kuwa hizo ndizo alizofundishwa utotoni. Zile nukta alizitia kwa ajili ya sauti za Kiarabu ambazo kwao hazina herufi. Na mimi, ambaye kila wiki niliandika barua za watu kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, mimi ambaye sijawahi kuandika Kiswahili kwa namna nyingine yoyote, haikunipitia hata mara moja kwamba mtu mwingine naye angeweza kuiazima lugha moja nguo za lugha nyingine. Nilimwona mtu amevaa kanzu nikadhani ni Mwarabu.

Nilipiga kelele. Mama aliruka akadhani nyoka. Nilimwinua kutoka kwenye kigoda, na kisu cha mihogo bado kiko mkononi mwake, nikamzungusha uani huku yeye akinipiga mgongoni na kusema nimwache, nimepagawa. Kisha nikaketi chini mchangani nikamsomea. Nakiri mimi kwamba nimemnunua mwanamke huyu kwa bwana wake wa Saadani, ununuzi sahihi. Nakiri kwamba nimemwacha huru kwa ajili ya Mungu. Mstari wa mwisho tu ulinishinda. Ulikuwa umebanwa juu ya ile sahihi, mahali karatasi ilipokunjwa, na wino wake ulikuwa umepasuka hata nilipounakili niliacha nafasi tupu.

Jioni ile ile nilikuwa kwa kadhi, natweta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Lakini wewe ni mwanawe. Tena si shauri la mama yako tu, ni lako. Ukinisomea kwamba bahari yote ameachiwa mama yako, nitajuaje?"

Nilikasirika, na nilijua vile vile kwamba ana haki. Katika nafasi yake nami ningesema hivyo, tena kwa ukali zaidi. Nikafikiri. Nikamwambia kuna mtu anayezijua herufi zile wala Kiarabu hajui, na kadhi anaye karani anayejua Kiarabu wala herufi zile hazijui. Mmoja ataje, mmoja aandike.

Kadhi akatabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hivyo. "Asiyejua lugha, na asiyejua herufi," akasema. "Hao ndio mashahidi ninaowataka."

Padri nilimpata bustanini. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza, akataka aione karatasi. Nilipomweleza, alijipiga kofi la paji la uso mpaka likalia. Kwenda kwa kadhi hakukupenda, maana mwenzake yeyote wa dini angemshangaa, kama wangu walivyonishangaa. Lakini akaenda.

Siku yenyewe baraza ilijaa mpaka barabarani. Kadhi aliniamuru nikae nyuma kabisa, uso ukutani, nisimwone padri wala padri asinione, na nikifungua mdomo shauri limekufa. Basi shauri la maisha yangu nililisikiliza nikitazama chokaa.

"Alef," sauti ya padri ikasema. "Kof. Resh."

Kalamu ya karani ikakwaruza, maana majina ya herufi zao ni ndugu wa majina ya zetu: alef ni alifu, resh ni re. Karani akampa kadhi. Kisha kadhi akasoma, "*Ukirru*," na watu wote barazani wakavuta pumzi pamoja. Yule padri hakujua kwa nini. Aliendelea, herufi kwa herufi, kwa ile sauti yake ya kubeba mayai, na kila alipotua neno la Kiarabu lilitoka upande wa pili, zima, la maana, kinywani mwa kadhi. Jina la sonara likatoka. Jina la bwana wa Saadani likatoka. Likatoka neno la kununua, na nikasikia fimbo ya mtu ikigonga sakafu.

Wakafika kwenye neno lenyewe. Nilikuwa nalingoja, nimeuma ukosi wa kanzu.

"Het," akasema padri. "Dalet. He."

Karani akaandika. Kadhi akajaribu kusoma, akasita. Halikuwa neno la mahali pale. Nikasikia yule mdai akicheka puani, akasema, "Hata herufi za Wayahudi zinamkataa." Nilijua kosa ni nini. Kwao dali na re zinafanana kama mapacha, tofauti ni pembe ndogo mgongoni, na macho ya mzee yalikuwa yamechoka. Nilijua, na sikuweza kusema. Sijapata kuumwa na neno kama lile lililonikaa kooni.

Kadhi hakucheka. Aliuliza polepole, "Padri, katika herufi zenu hamna zinazofanana? Sisi tunazo. Tazama tena, taratibu."

Viatu vya padri vikasogea kwenye mwanga wa mlango. "Nisameheni," akasema. "Ni resh. Het, resh, he."

Kadhi hakungoja karani. "*Hurra*," akasema.

Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Baraza nzima ikarudia, wanaojua Kiarabu na wasiojua, mpaka wachukuzi waliosimama barabarani: huru, huru, huru. Machozi yalinitoka nikiwa nimeutazama ule ukuta, na nilifurahi kwamba uso wangu ulikuwa huko.

Ukabaki mstari wa kwenye mkunjo. Padri aliomba kioo chake cha kukuzia, akaenda nao kwa taabu, herufi moja, anapumzika, herufi nyingine. Mimi sikujua kilichokuwamo. Kadhi aliusoma kwanza kimoyomoyo. Kisha akausoma kwa sauti, akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili ili watu wote wasikie: "Na kila atakayezaliwa naye, mwanamume au mwanamke, ni huru kama yeye, hana mtu neno juu yake."

Akamwuliza mdai kama sahihi iliyo chini ya maneno hayo ni ya baba yake. Yule bwana alikuwa amekwisha kusema ndiyo mbele ya watu wote. Kadhi akahukumu pale pale. Niligeuka kutoka ukutani nikawa mtu huru ambaye siku zote nilikuwa. Watu walinishika mikono, baadhi yao wale wale walioondoa watoto wao, na nikawapa mikono kwa furaha kwa sababu siku ya ushindi mtu humudu ukarimu. Padri alikuwa amesimama katikati yao, amelowa jasho, anauliza kila mtu, "Nimesema nini? Nimesema nini?" Nilimkumbatia mbele ya kadhi.

Nikatoka na mama. Nilikuwa nimelewa sifa, sikuweza kukaa kimya. Nilimweleza jinsi sonara alivyokuwa mtu wa akili, mtu wa kuona mbali, hata akanikumbuka mimi ambaye sikuwako.

"Sonara?" akasema mama. "Sonara alikuwa amekwisha kuikunja karatasi yake aende nayo Saadani ikatiwe sahihi. Mimi ndiye niliyemwambia aifungue, akuandike na wewe."

Nilisimama njiani. "Ulikuwa na mimba?"

"Mimba ya nani? Hata baba yako nilikuwa sijamwona."

"Basi ulijuaje kama nitazaliwa?"

"Sikujua," akasema. "Nilikutaka."